Kisukari cha mzee aliyelegea mwili: kubana sukari, mazoezi ya kundi, mazoezi ya nyumbani au kulegeza dawa?

Mchango wa mama wa mwezi huu umekamilika. Kaka mkubwa anataka zinunuliwe stripu zaidi za kupimia sukari na mama apelekwe kwa daktari bingwa, maana asubuhi sukari ilisoma 11. Dada anayeishi naye anasema shida ya mama kwa sasa si sukari, ni kwamba hawezi kuinuka chooni bila kushikwa. Kitinda mimba, aliye mbali, anauliza kwa nini mtu wa miaka 82 anayekula matonge manne achomwe insulini mara mbili kwa siku. Wote watatu wana hoja, na pesa ni ile ile moja.

Ulinganisho huu ni wa walioketi kwenye kikao kama hicho. Unawahusu pia wanaopanga kwa ajili ya wengi: vikundi vya wazee, kamati za misikiti na makanisa, wasimamizi wa zahanati, waratibu wa magonjwa yasiyoambukiza wilayani. Nazungumzia kisukari cha aina ya pili, kile kinachowapata wengi ukubwani. Mwenye aina ya kwanza, insulini ndiyo uhai wake, na habari ya kupunguza dawa nitakayoieleza mbele isitumike kwake.

Nani ni dhaifu?

Uzee peke yake si udhaifu. Wapo wa miaka 85 wanaopanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, na wapo wa 68 wanaoshikilia ukuta kwenda msalani. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake nchini Marekani walitaja dalili tano: uzito kupungua bila kukusudia, uchovu usioisha, mkono kukosa nguvu ya kukamata, mwendo kuwa wa taratibu, na mtu kuacha kujishughulisha. Mwenye tatu au zaidi ni dhaifu. Mwenye moja au mbili yuko njiani.

Kisukari na udhaifu hulishana. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Ikisinyaa, sukari inakosa pa kwenda. Na sukari iliyokaa juu kwa miaka inadhoofisha neva na misuli yenyewe. Ndiyo maana kumtazama mzee kupitia namba ya mashine tu kunapotosha. Jaribu hili nyumbani: kiti imara kimeegemezwa ukutani, mikono imekunjwa kifuani, ainuke na kuketi mara tano huku umesimama karibu naye. Akishindwa kuinuka hata mara moja, umeshapata taarifa ambayo stripu haiwezi kukupa.

Tutapima kwa mizani gani

Njia zote nne nimeziuliza maswali yale yale. Gharama yake yote ni kiasi gani, pamoja na nauli na siku za kazi anazopoteza binti anayemsindikiza? Faida ni ipi, na inachukua muda gani kuonekana? Hatari yake ni nini? Inamfaa nani?

Hilo la muda huwa tunalisahau. Wachumi wa afya hugawanya gharama ya programu kwa miaka ya maisha yenye afya inayopatikana. Kwa hesabu hiyo, huduma ya bei kubwa inaweza kuwa na thamani, na ya bei ndogo ikawa hasara ikiwa faida yake inakuja baada ya miaka kumi kwa mtu ambaye hana miaka kumi.

1. Kubana sukari kliniki

Hapa lengo ni kuishusha HbA1c, yaani wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ifike chini ya asilimia 7. Dawa zinaongezwa, insulini inapangwa upya, vipimo vinakuwa vya kila siku.

*Gharama.* Ni ya kudumu, haina mwisho. Kupima mara tatu kwa siku ni stripu 90 kwa mwezi, karibu boksi mbili za 50. Kwa mzee wa Kenya anayepokea shilingi 2,000 za Inua Jamii, posho ya serikali, kwa mwezi, au wa Zanzibar anayetegemea Pensheni Jamii iliyoanza mwaka 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea, stripu pekee zinakula sehemu kubwa ya pesa yake. Tanzania Bara kuna msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza na dirisha la wazee hospitalini, lakini dirisha halilipi bodaboda, wala halisaidii siku dawa ikiwa haipo na mnaambiwa mkanunue nje.

*Faida na muda wake.* Faida ipo, na ni ya kweli: macho, figo na neva hulindwa. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 1977, UKPDS, uliwafuatilia watu 5,102 na kuthibitisha hilo. Lakini waliingizwa wakiwa na umri wa miaka 25 hadi 65, ugonjwa ukiwa mpya, na manufaa yalihitaji miaka mingi kujitokeza. Wataalamu wengi huhesabu miaka minane au zaidi.

Mwaka 2002 watafiti wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, walichapisha hesabu ambayo natamani kila anayepanga bajeti ya kisukari aione. Waliuliza mwaka mmoja wa maisha yenye afya unagharimu kiasi gani ukinunuliwa kwa kubana sukari. Kwa aliyegundulika akiwa na miaka 25 hadi 34, ulikuwa dola 9,614. Kwa aliyegundulika akiwa na miaka 85 hadi 94, dola milioni 2.1. Lengo ni lile lile. Mgonjwa wa pili hana muda wa kuvuna alichopanda. Katika hesabu hiyo hiyo, kudhibiti presha vizuri kuliokoa pesa badala ya kuzitumia. Kwa hiyo mzee anayepimwa sukari mara tatu kwa siku huku presha yake haijapimwa tangu Ramadhani iliyopita amewekewa nguvu mahali pasipo penyewe.

*Hatari.* Sukari kushuka. Kwa kijana inakuja na jasho na kutetemeka, anaomba soda. Kwa mzee mara nyingi inakuja kimya: anaongea maneno yasiyoeleweka, analala kupita kawaida, anaanguka usiku. Familia inasema mzee ameanza kuchanganyikiwa, kumbe dawa ya saa kumi na mbili jioni imekutana na tumbo tupu. Utafiti wa ACCORD wa Marekani na Kanada, wenye washiriki 10,251, ulilenga HbA1c chini ya asilimia 6. Sehemu ya kubana sukari ikasimamishwa mapema mwaka 2008 baada ya vifo 257 upande wa waliobanwa dhidi ya 203 upande wa pili. Na hao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 62 tu, hawakuwa wazee wa kushika ukuta.

Kama mzee bado anatumia glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, uliza leo. Shirika la Afya Duniani linasema haifai kwa waliozidi miaka 60, na linaelekeza gliclazide, ambayo haishushi sukari kwa ghafla kiasi hicho.

*Inamfaa nani.* Mzee mwenye nguvu, akili timamu, anayekula kwa saa zake na ana miaka mingi ya kutarajia mbele. Tusichanganye mambo pia: kumtoa mtu kwenye 20 hadi 10 ya mashine si kubana sukari, ni matibabu anayoyahitaji kila mmoja, dhaifu au mwenye nguvu. Kinachopimwa hapa ni pesa ya kutoka HbA1c ya 8 kwenda 6.5.

2. Kundi la mazoezi ya nguvu na lishe

Mfano uliopimwa vizuri zaidi kwa wazee wenye hali zote mbili ni MID-Frail, uliofanyika katika nchi saba za Ulaya na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019. Washiriki walikuwa 964, wastani wa miaka 78, wote na kisukari cha aina ya pili, dhaifu au walio njiani. Kundi moja liliendelea na huduma ya kawaida. La pili lilifanya mazoezi ya kusukuma na kuinua uzito kwa miguu mara mbili kwa wiki kwa wiki 16, likapata vipindi saba vya elimu ya lishe, na waganga wao wakafundishwa malengo ya sukari na presha yasiyokaza kupita kiasi.

*Faida na muda wake.* Baada ya mwaka, walio kwenye programu walikuwa juu kwa alama 0.85 katika kipimo cha alama 12 kinachojumlisha kusimama bila kuyumba, kasi ya kutembea na kuinuka kitini. Namba inaonekana ndogo. Kwa wanaotumia kipimo hicho, nusu alama ni badiliko ambalo mtu analihisi, na alama moja ni badiliko kubwa. Tafsiri yake ya nyumbani ni tofauti kati ya kuvutwa mkono na kuinuka mwenyewe.

*Gharama.* Hapo ndipo programu hii ilipowashangaza wengi: ikilinganishwa na huduma ya kawaida, iliokoa takribani euro 428 kwa kila mgonjwa kwa mwaka. Wiki 16 zina mwisho, wakati faida ilikuwa bado inapimika mwaka ulipokwisha. Ila akiba hiyo ni ya Ulaya, ambako kitanda cha hospitali ni ghali na bima au serikali ndiyo inayolipa. Kwetu sehemu kubwa ya akiba inaingia mfukoni mwa familia, na gharama nayo inatoka humo humo. Piga hesabu: vipindi 32 ni safari 64 za kwenda na kurudi. Ikiwa bodaboda ni shilingi 2,000 za Tanzania kwa safari, ni shilingi 128,000, kabla ya nauli ya msindikizaji. Kundi likikutana mita mia tatu kutoka kwa wazee, gharama hiyo inatoweka. Likikutana hospitali ya wilaya, litabaki na wazee wenye watoto wenye magari.

Mashine za Ulaya si lazima. Kinachojenga misuli ni uzito unaoongezwa kidogo kidogo: kiti, ngazi moja, mfuko wa mchanga wa kilo moja kisha mbili, chupa ya maji. Kinacholazimu ni mtu aliyefundishwa, anayejua lini aongeze na lini asimamishe.

Kuhusu lishe nakaa kidogo, maana hapa tunawaumiza wazee kwa mapenzi. Akishaambiwa ana sukari, mzee ananyimwa karibu kila kitu, anabaki na chai kavu na kipande cha mkate wa ngano nzima asubuhi, mchana dona na mchicha. Hapati protini, na misuli inayeyuka. (Dona nalo halina kinga, tonge la dona ni wanga kama tonge la sembe, linapandisha sukari polepole tu.) Mzee dhaifu anahitaji dagaa, mayai, maharage, maziwa, samaki, kila siku. Wengine wanakimbilia maziwa ya unga ya kopo ya bei mbaya. Utafiti wa mwaka 1994 huko Boston, kwa wakazi 100 wa nyumba ya wazee wenye wastani wa miaka 87, ulionyesha kwamba mazoezi ya uzito kwa wiki 10 yaliongeza nguvu ya misuli zaidi ya maradufu, na kinywaji cha lishe bila mazoezi hakikuongeza nguvu. Pesa ya kopo inunue mayai na impeleke kundini.

*Hatari.* Miguu kwanza. Mwenye ganzi ya nyayo anaweza kufanya mazoezi juu ya kidonda asichokisikia, hivyo viatu na soksi vivuliwe na nyayo zitazamwe kila kipindi. Aliyeambiwa macho yake yanavuja damu asikaze wala kuzuia pumzi mpaka daktari wa macho aruhusu. Mwenye insulini au gliclazide asianze akiwa na njaa.

*Inamfaa nani.* Aliye njiani kuelekea udhaifu, au dhaifu anayeweza bado kutoka nyumbani na kufuata maelekezo. Upweke pia unapata dawa yake hapa. Nimeona bibi mmoja aliyekuja kwa kulazimishwa wiki mbili za mwanzo. Wiki ya sita yeye ndiye aliyekuwa akiwapitia wenzake kuwagongea milango.

3. Mazoezi ya nyumbani kwa kutembelewa

Mfano wake ni programu ya Otago ya New Zealand, iliyoanza kupimwa miaka ya 1990. Mtaalamu wa viungo, au muuguzi aliyefundishwa, anamtembelea mzee mara chache katika miezi miwili ya kwanza, anamwachia mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba, ya takribani nusu saa mara tatu kwa wiki, pamoja na kutembea.

*Gharama.* Ziara chache na uzito wa kufunga kifundoni. Nauli ni ya mhudumu mmoja badala ya wazee kumi. Kwenye maeneo yenye wahudumu wa afya ngazi ya jamii, msingi upo tayari. Kinachokosekana ni mafunzo na posho. Kwa familia, gharama kubwa ni mtu wa kumkumbusha, na hilo likikosekana mazoezi yanakufa wiki ya tatu.

*Faida na muda wake.* Majaribio manne yakijumlishwa, yenye watu 1,016 wa miaka 65 hadi 97, maanguko yalipungua kwa asilimia 35. Faida ya fedha ilikuwa kubwa zaidi kwa wa miaka 80 na kuendelea, maana ndio wanaoanguka na kulazwa. Tofauti na MID-Frail, programu hii haikutengenezwa kwa wenye kisukari, na haigusi lishe wala dawa. Lakini nyonga iliyovunjika kwa mzee mwenye kisukari ni upasuaji, kidonda kisichopona haraka, na mtoto mmoja kuacha kazi. Kuzuia anguko moja la namna hiyo kunalipa ziara za mwaka.

*Hatari.* Hakuna jicho la mtaalamu siku nyingi. Mazoezi yafanywe karibu na meza nzito au kaunta ya kushikilia, na tahadhari za miguu na njaa nilizotaja zinabaki pale pale.

*Inamfaa nani.* Asiyeweza kutoka, anayekaa mbali na barabara, aliyewahi kuanguka, na aliye na mjukuu au binti wa kusimama naye.

4. Kulegeza lengo na kupunguza dawa

Wengi hawaihesabu hii kuwa programu, kwa sababu hainunui kitu. Daktari anakaa na mzee na familia, anatazama dawa zote mezani, anaweka lengo jipya, anaondoa zinazoshusha sukari kwa hatari. Mwongozo wa IDF, shirikisho la kimataifa la kisukari, wa mwaka 2013 unakubali HbA1c hadi asilimia 8.5 kwa mzee dhaifu. Chama cha kisukari cha Marekani, ADA, kinashauri chini ya 8 kwa wenye maradhi mengi, na kwa walio taabani kinasema tuache kuitegemea HbA1c, tuzuie tu sukari kushuka na dalili za sukari kupanda.

*Gharama.* Nusu saa ya daktari anayesikiliza, ambayo kwenye foleni ya kliniki ya kisukari si kitu kidogo. Baada ya hapo gharama inashuka: dawa chache, stripu chache, sindano moja badala ya mbili.

*Faida na muda wake.* Ndiyo ya haraka kuliko zote. Usalama wa usiku unaonekana ndani ya siku au wiki. Ila haimpi mzee nguvu aliyokwisha kuipoteza.

*Hatari.* Kulegeza kukageuka kutelekeza. Kiu isiyokatika, kukojoa usiku kucha, kukonda, vidonda na maambukizi ya mara kwa mara ni dalili kwamba kamba imeachiwa mno. Na familia isipunguze dawa yenyewe, hasa insulini.

*Inamfaa nani.* Anayesahau kama amekula, anayekula leo na kukataa kesho, aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka, mwenye figo zilizochoka, na aliye ukingoni mwa maisha.

Kwa hali yako

Ikiwa mzee ana HbA1c chini ya 7 na yuko kwenye insulini au glibenclamide, anza na njia ya nne kabla ya kutoa shilingi kwa jambo lingine. Mazoezi juu ya dawa kali ni kumtafutia anguko.

Ikiwa sukari inacheza 15 na zaidi, anakonda na kunywa maji bila kukoma, kliniki kwanza. Misuli haijengwi mwilini mwenye sukari ya namna hiyo.

Ikiwa sukari iko kati, HbA1c 7 hadi 8.5, na anatembea ingawa kwa shida, pesa ya kubana zaidi ipelekwe kwenye kundi la mazoezi, mayai na presha. Kama kundi halipo, wazee sita na muuguzi mmoja wa zahanati wanatosha kuanzisha.

Ikiwa ana miaka 80 na zaidi, ameshaanguka mwaka huu, na nyumba iko mbali: ziara za nyumbani, taa ya njia ya chooni, na kishikio ukutani.

Ikiwa unapanga kwa wilaya na bajeti inatosha jambo moja tu, angalia wazee wako wako wapi. Mjini walipokaa karibu karibu, kundi litawafikia wengi kwa mhudumu mmoja. Vijijini walipotawanyika, mfundishe mhudumu wa jamii mazoezi ya nyumbani, na umpe mashine ya presha kwenye begi lile lile.

Na kwa yule dada anayeishi na mama, ambaye kikao kikiisha ndiye anayebaki: kwenye mchango, tengeni fungu la msichana wa kumpokea siku mbili kwa wiki. Njia zote nne zinapita mikononi mwake, na akiugua mgongo kwa kumwinua mama, mtakuwa na wagonjwa wawili.